Mkaazi wa Muda Si Mpita Njia

Hotuba iliyosomwa katika baraza la jumuiya yetu, Kampala, kuwaaga jamaa wanaohamia Mombasa

Bismillahi Rahmani Rahim.



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa. Nimetakiwa niseme machache kwa jamaa zetu wanaokwenda kukaa Mombasa, wengine kwa kazi za bandarini, wengine kwa biashara, wengine kwa masomo. Kabla ya kuandika maneno haya naliwapitia mmoja mmoja, na kila niliyemwuliza, "Utakaa muda gani huko?" alinipa jawabu moja: "Nakwenda kwa muda tu." Basi hotuba yangu yote ni juu ya maneno hayo matatu, kwa muda tu, maana mimi nami naliyasema zamani, na yalinigharimu.

Ndugu zangu, kwenda pwani na kukaa huko kwa muda si jambo jipya kwa Waislamu wa nchi hii. Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa kilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951, kilikusudiwa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki yote, na Uganda ilikuwamo. Chuo hicho kimebadilika jina mara kadhaa, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Nyuma zaidi ya hapo, mwaka 1893, Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu wa Buganda, alipelekwa uhamishoni Unguja na wakubwa wa Kiingereza, akakaa huko mpaka aliporudishwa mwaka 1895. Yeye hakwenda kwa hiari yake, wala hakuambiwa siku ya kurudi. Lakini alirudi, akawaongoza Waislamu mpaka alipofariki mwaka 1921. Miaka ile ya ugenini haikumvunja.

Tena, tukitazama vizuri, sisi wenyewe ni matunda ya watu waliokuja hapa kwa muda. Mwaka 1844, katika zama za Kabaka Suna wa Pili, alifika Buganda mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, na baada yake wakafuata wengine, Waarabu na Waswahili wa pwani. Walikuja kutafuta pembe za ndovu. Hawakuja kuhamia. Kila mmoja wao alikuwa akingoja mizigo yake itimie na msafara wake uwe tayari, apate kurudi Unguja. Baadaye walikaa upande wa Natete, na hapo ndipo walipofanya biashara yao na kungoja.

Lakini walingoja namna gani? Wazee wetu wametusimulia kwamba Ahmed bin Ibrahim alipoona watu wakiuawa kwa amri ya Kabaka, alisimama mbele yake akamwambia kwamba watu wale ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, na si halali kuwamwaga damu ovyo. Mpita njia asingesema vile. Mpita njia angesema, "Haya si yangu, mimi keshokutwa naondoka." Wengine nao, katika siku zile za kungoja, waliwasomesha watu wa kasri herufi za Qur'ani, mpaka Kabaka Mutesa wa Kwanza akajifunza Kiarabu na akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Pembe walizozichukua zimekwisha, wala hapana azijuazo. Kilichobaki ni kile walichokifanya walipokuwa wakingoja. Misikiti yetu, majina yetu, na baraza hili tulilokaa leo, ni katika hayo.

Amma ba'ad, nataka tuitazame sharia, kwa kuwa sharia imelipima neno hili la "kwa muda" vizuri kuliko tulivyolipima sisi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa na pwani tunayafuata, mtu aliye katika safari ndefu ya halali ana ruhusa ya kufupisha sala za rakaa nne zikawa mbili. Hiyo ni rehema ya Mola kwa msafiri. Lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, ruhusa hiyo inakwisha tangu alipofika. Na aliye na haja anayotaraji itakwisha leo au kesho, asijue ni lini, huyo amepewa mpaka siku 18. Zikipita, naye atatimiza sala zake kama watu wengine. Hapana ugeni wa miezi, wala hapana ugeni wa miaka. Wahenga wetu nao wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kisha wanazuoni wameweka daraja tatu. Wa kwanza ni msafiri, ambaye yu njiani. Wa pili ni mkaazi wa muda, ambaye amenuia kukaa, lakini moyoni mwake ana nia ya kurudi kwao. Wa tatu ni mwenyeji, ambaye mahali pale amepafanya kuwa kwao, haondoki ila kwa haja. Sasa isikilizeni hukumu ya yule wa pili, kwa maana ndiye ninyi. Sala ya Ijumaa ni wajibu juu yake. Hana udhuru wa msafiri. Lakini katika kuhesabu wale watu 40 ambao kwao Ijumaa husihi katika madhehebu yetu, yeye hahesabiwi. Wajibu anao wote, na katika hesabu hayumo.

Ndugu zangu, mimi sijapata kuona maelezo bora kuliko haya ya maisha ya mtu aliyehamia mji wa watu kwa muda. Huko mwendako mtapaswa kutimiza yote yanayowapasa wenyeji: kuzika, kuzuru wagonjwa, kuchangia kisima na msikiti, kulipa kodi ya nyumba kwa wakati, kunyamaza usiku jirani wakilala. Wala msitake kwa ajili hiyo kuhesabiwa. Msitake kuitwa katika mashauri ya ukoo wa watu, wala msinung'unike mkipitwa katika mambo ya mtaa. Mwenye kuyajua haya mawili, wajibu kamili na hesabu pungufu, atakaa kwa amani. Lakini mwenye kudai ahesabiwe hali hatimizi wajibu, huyo atarudi Kampala akisema watu wa pwani ni wabaya.

Sasa niruhusuni niseme yangu, kwa kuwa si uungwana kumwonya mtu kwa kosa ulilolifanya wewe, kisha ukalificha.

Mimi nalikwenda Mombasa mwaka 1983, nikiwa kijana. Mfanyabiashara mmoja wa hapa alinituma nikapokee mizigo yake bandarini, na kazi ilikadiriwa miezi mitatu. Nalikwenda na mke wangu na binti yetu, ambaye alikuwa bado hajatambaa. Tulipanga chumba Majengo, katika nyumba ya Kiswahili kama mtakazoziona: vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko na choo cha wote. Sanduku letu naliliacha na kamba yake, vile vile lilivyotoka Kampala. Kila tulipotaka nguo tulilegeza kamba, kisha tukaikaza. Kitanda sikununua. Nalimwambia mke wangu, "Kitanda cha nini, nasi tunaondoka mwezi ujao?" Tukalala juu ya mkeka.

Miezi mitatu ikawa mitano. Sala zangu nalizisali mle chumbani, rakaa mbili mbili. Siku moja nilichelewa bandarini, nikaingia msikiti wa mtaa kusali Adhuhuri. Imamu aliniona nikitoa salamu baada ya rakaa mbili, akangoja nikamaliza, akaniuliza kwa upole, "Bwana, umetoka wapi?" Nikamwambia natoka Uganda. Akasema, "Karibu sana. Umefika lini?" Nikamwambia, "Huu ni mwezi wa tano." Hakunicheka. Alinishika mkono, tukakaa, akanieleza hukumu hii niliyowaeleza. Tangu siku ile nikatimiza sala zangu, na zile nilizozikosea nikazilipa.

Lakini, ndugu zangu, nalitimiza sala peke yake. Katika mambo mengine yote nilibaki na rakaa zangu mbili. Jirani akioa, nalisema sikualikwa kwa jina langu. Jeneza likipita mtaani, nalisimama kando mpaka likapita, nikajiambia kwamba marehemu simjui na wafiwa hawanijui. Nikiwakuta wazee barazani nalitoa salamu nikapita mbio. Bibi mmoja mzee aliyekaa chumba cha pili alikuwa akimletea mke wangu mahamri na mbaazi asubuhi, na vyombo vyake tulivirudisha vitupu. Hata jina lake sikuliuliza.

Katika masika ya mwaka 1984 binti yetu alishikwa na homa. Siku ya tatu, kabla ya alfajiri, Mwenyezi Mungu alimtwaa.

Mke wangu alipolia, mlango ulifunguliwa. Yule bibi ndiye aliyeingia kwanza, akamchukua mtoto mapajani mwangu. Sikumwita mtu yeyote, wala sikumjua wa kumwita. Kulipopambazuka maji ya kuoshea yalikuwa tayari, sanda imekatwa, vijana wamekwenda Kikowani kuchimba kaburi, na ukumbi umejaa watu. Watu wale wale ambao majeneza yao nalikaa kando yakapita, ndio waliombeba mtoto wangu. Wakati wa kutoka, mzee mmoja aligeuka akawauliza wenziwe kwa sauti ya chini, "Baba wa mtoto jina lake nani?" Wakatazamana. Nalikuwa nimekaa katika nyumba ile mwaka mmoja na zaidi, na hapakuwa na hata mmoja aliyelijua jina langu. Kosa halikuwa lao.

Walitulisha siku tatu, wakasoma khitma. Siku ya nne nalikata kamba ya sanduku. Nikanunua kitanda. Nikaenda chumba cha pili, nikamwuliza yule bibi jina lake, nikamwamkia kama mtu anavyomwamkia mamaye. Tukakaa Mombasa mpaka mwaka 1992, na watoto wetu wawili walizaliwa huko, wakasoma chuoni kwa walimu wa mtaa. Siku ya kuondoka walitusindikiza mpaka stesheni. Na mpaka leo, nikifika Mombasa, kabla sijakwenda kwa mtu yeyote naanzia Kikowani. Mimi nalikuwako huko kwa muda. Binti yangu yuko huko mpaka siku ya Kiyama.

Nimeyasema haya si ili niwatie huzuni katika siku ya kuagana, bali ili mjue kwamba neno "kwa muda" halina mpaka. Hapana mtu ajuaye ni kipi katika maisha yake kitakuwa cha muda na ni kipi kitabaki.

Sasa niseme machache ya kutumia, nami nitayafupisha.

Kwanza, nyumba. Kabla hujatazama chumba, uliza habari ya maji. Visima vingi vya Mombasa maji yake yana chumvi, yanafaa kuogea na kufulia, na ya kunywa mara nyingi hununuliwa. Mtu aliyezoea maji yetu matamu hushangaa kuona fedha zinazokwenda katika madumu. Kisha patana na mwenye nyumba kwa maneno yaliyo wazi: kodi ni kiasi gani, inalipwa lini, na ukitaka kuhama utoe taarifa ya muda gani. Haya yaandikwe. Kupanga nyumba ni ijara, na ijara haifai ila muda na malipo yake yajulikane. Nanyi mwajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandika deni. Kuandika si kumdhania mtu vibaya.

Pili, joto. Hapa Kampala tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kule mtakuwa ufukoni. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, mwili wa mtu wa bara hudhoofika. Chumba chenye dirisha linalopokea upepo ni bora kuliko chumba kikubwa. Chandarua msikose. Na vyombo vya chuma vifunikeni, maana hewa ya bahari hula chuma.

Tatu, lugha na adabu. Nitasema kweli hata ikituuma. Hapa kwetu watu wengi walikijua Kiswahili kutoka kambi za askari, kikawa kwao lugha ya kuamrisha. "Lete! Njoo! Toa!" Mtu akisema hivyo Mombasa hatajibiwa vibaya, bali atatazamwa tu, naye hatajua kwa nini. Kule Kiswahili ni lugha ya mama na mtoto. Huingii bila ya hodi, huanzi haja yako kabla ya kuuliza hali, na mzee hapitwi bila ya kuamkiwa. Jifunzeni upya lugha mnayodhani mnaijua.

Nne, kazi. Masahaba walipohamia Madina, Mtume (S.A.W.) aliwafunga udugu na wenyeji. Saad bin Rabii akamwambia ndugu yake Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akamtaka amwonyeshe soko liliko. Mwenyeji alitoa ukarimu wake wote, na mgeni hakuutumia wote. Nanyi fanyeni vivyo hivyo.

Tano, simu. Zamani mtu akihama alihama. Barua ilichukua siku nyingi, kwa hiyo alilazimika kusema na waliokuwa mbele yake. Leo kijana mwili wake uko Mombasa, na masikio yake yako Kampala usiku kucha. Wapigieni wazazi wenu, tena msiwasahau. Lakini mkimaliza, iwekeni simu mfukoni mkatoke nje barazani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, neno langu la mwisho nalielekeza kwa jumuiya, si kwa vijana peke yao. Sisi tumezoea kuwaaga watu kwa chai na dua, kisha tukawasahau mpaka ifike habari mbaya. Naomba Kamati itazame mambo mawili. Jambo la kwanza, kila anayehama aandikwe katika daftari la jumuiya: jina lake kamili, jina la baba yake, mtaa anaokwenda, na nani apewe habari akipatwa na jambo. Jambo la pili, kila mmoja apewe barua ya jumuiya, ampelekee imamu wa msikiti ulio karibu na nyumba atakayopanga, Ijumaa yake ya kwanza. Barua isiombe fedha wala hifadhi. Iseme tu: huyu ni ndugu yenu fulani bin fulani, atakaa kwenu kwa muda, na akikosa sala ulizeni habari zake. Karatasi moja kama hiyo ingalitosha, mwaka 1984, mzee yule asiulize jina langu mlangoni.

Nanyi vijana, mtakapofika, fungueni masanduku siku ile ile. Timizeni sala zenu. Jueni jina la jirani wa kulia na jirani wa kushoto kabla ya kulala. Mkikaa mwezi mmoja, mmekaa kama Waislamu. Mkikaa miaka ishirini, hamtajuta miaka iliyopotea katika kungoja.

Namwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama, awape majirani wema, na awafanye ninyi kuwa majirani wema kabla hamjawatafuta. Awarehemu waliotutangulia, wa hapa na wa pwani, wakubwa na wadogo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.